Kukokotoa uwezekano pale kilichotoka hakirudi: kwa gololi, mayai na vikaratasi vya mchezo

Jumapili moja jioni akina mama wanane wanaouza ndizi na nyanya soko la Mbuyuni, hapa Moshi, walikaa uani kwetu kuanzisha mchezo, yaani upatu. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo, alichana karatasi ya daftari vipande vinane, akaandika 1 mpaka 8, akavikunja na kuvitia kwenye bakuli. Kila mmoja aliitaka namba 1, ya kupokea kwanza, maana Januari ilikuwa inakaribia na ada zake. Ubishi ukaanzia hapo: nani avute kwanza?

Mama mmoja alikataa katakata kuvuta wa mwisho. "Mpaka nifikiwe mimi, namba nzuri zimeshaondoka," alisema. Muuza nyanya akampinga. Kwake yeye, wa kwanza ndiye anayeonewa, kwa kuwa anavuta kwenye vikaratasi vinane, wakati wa mwisho anavikuta vichache. Wakanigeukia, kwa kuwa wanajua nafundisha hesabu. "Mwalimu, mwanangu, tuambie ukweli."

Niliwajibu kwamba ni sawa tu, yeyote aanze. Jibu lilikuwa sahihi, lakini hakuna aliyeniamini, na hawakukosea kutoniamini, kwa sababu sikuwaonyesha chochote. Mwongozo huu ni kile nilichopaswa kuwaonyesha, nimeupanga tangu mwanzo kabisa ili na mwanafunzi wa sekondari anayehangaika na mada hii aweze kuufuata. Tafuta soksi moja, gololi nane na kalamu. Ukikosa gololi, vifuniko vya soda vinafaa, mradi vyote viwe na umbo moja mkononi.

Swali linalotangulia namba

Kabla hujaandika namba yoyote, jiulize: nikishatoa, ninarudisha au sirudishi?

Ukitoa gololi, ukaitazama rangi, ukairudisha na kuchanganya, soksi inabaki vile vile kama hujaigusa. Mara ya pili ni nakala ya mara ya kwanza. Usiporudisha, soksi uliyonayo sasa ni soksi nyingine: ina gololi chache zaidi, na uwiano wa rangi zake umebadilika. Hesabu ya mara ya pili lazima ifanywe kwa soksi hiyo mpya. Somo zima limejengwa juu ya jambo hilo, na makosa mengi ninayoyasahihisha kwenye madaftari hutokana na mtu kuendelea kuihesabu soksi ya zamani.

Mambo mengi ya kila siku ni ya kutorudisha. Parachichi ulilolikata hulirudishi kwenye fungu, yai ulilolivunja halirudi kwenye trei, wala karata uliyogawiwa hairudi mpaka mchezo uishe. Tatizo ni kwamba swali la mtihani halikuambii hivyo wazi kila mara. Likisema "alitoa mbili kwa pamoja", hilo ni la kutorudisha, kwa sababu mkono hauwezi kushika gololi ile ile mara mbili kwa mpigo mmoja. Likisema "walichaguliwa wanafunzi watatu", ni la kutorudisha pia, maana mtu mmoja hawezi kukaa viti viwili. Likisema "akaitazama, kisha akairudisha", hapo umeshaambiwa.

Utata huu una umri mkubwa. Mwaka 1657 Mholanzi Christiaan Huygens alichapisha kazi fupi kuhusu hesabu za michezo ya bahati, na mwishoni akawaachia wasomaji maswali. Katika swali mojawapo, watu watatu waliofumbwa macho wanatoa kwa zamu kutoka kwenye vipande 12, vyeupe 4 na vyeusi 8, na wa kwanza kupata cheupe ndiye mshindi. Hakusema kama cheusi kilichotolewa kinarudishwa. Jakob Bernoulli, Mswisi wa Basel, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufariki, ilimbidi alijibu swali hilo kwa tafsiri zaidi ya moja. Vikirudishwa, nafasi za wachezaji hao ni 9, 6 na 4 kati ya 19. Visiporudishwa, ni 77, 53 na 35 kati ya 165. Swali hilo nitalirudia chini, kwa sababu lina jambo linalowahusu akina mama wa Mbuyuni.

Hatua ya 1: hesabu vilivyomo

Tia kwenye soksi gololi 5 nyekundu na 3 za bluu. Andika pembeni ya karatasi: nyekundu 5, bluu 3, jumla 8. Usiache kuandika hata kama unaona ni rahisi, kwa sababu mstari huu utauhitaji baada ya dakika moja.

Hatua ya 2: andika sehemu ya kwanza

Uwezekano wa kutoa nyekundu ni 5/8. Juu, kwenye kiasi, kuna idadi ya unazozitaka. Chini, kwenye asili, kuna idadi ya zote zilizomo. Hiyo ni kweli ikiwa kila gololi ina nafasi sawa ya kushikwa, na ndiyo sababu ya kutaka zifanane mkononi na zichanganywe vizuri.

Hatua ya 3: toa, kisha hesabu upya

Hapa tulia. Usiandike sehemu ya pili kabla hujaandika upya mstari wa vilivyomo. Ukitoa nyekundu, karatasi yako isomeke hivi:

Mwanzo: nyekundu 5, bluu 3, jumla 8
Imetoka nyekundu: nyekundu 4, bluu 3, jumla 7

Na kama iliyotoka ni ya bluu:

Mwanzo: nyekundu 5, bluu 3, jumla 8
Imetoka bluu: nyekundu 5, bluu 2, jumla 7

Tazama jumla imepungua kwa moja katika hali zote mbili, wakati idadi ya nyekundu imepungua katika hali moja tu. Kwa hiyo asili hupungua kila unapotoa, lakini kiasi hupungua ikiwa tu kilichotoka ni cha aina ile ile unayoiuliza sasa. Nimekuta wanafunzi wenye akili nzuri sana wakiandika 5/8 × 2/7 kwa "nyekundu kisha bluu". Wamezoea kupunguza kote, juu na chini, bila kutazama soksi. Gololi za bluu bado ni tatu, hakuna aliyezigusa. Sahihi ni 5/8 × 3/7. Ukiandika mistari miwili ya vilivyomo, huwezi kufanya kosa hilo hata ukitaka.

Hatua ya 4: zidisha kufuata njia

Uwezekano wa nyekundu kisha nyekundu ni 5/8 × 4/7 = 20/56.

Kwa nini tunazidisha? Chukulia umefanya jaribio hili mara 56, kila mara ukianza na soksi iliyojaa. Unatarajia mara 35 hivi uanze na nyekundu, kwa sababu 5/8 ya 56 ni 35. Katika mara hizo 35, soksi imebaki na nyekundu 4 kati ya 7, kwa hiyo 4/7 ya hizo 35, yaani mara 20, utapata nyekundu tena. Ishirini kati ya hamsini na sita. Kuzidisha ni kuchukua sehemu ya sehemu, basi.

Kama ungekuwa unarudisha, ingekuwa 5/8 × 5/8 = 25/64, karibu asilimia 39. Bila kurudisha ni 20/56, karibu asilimia 36. Nyekundu ya kwanza imeondoka na kipande cha nafasi ya nyekundu ya pili.

Hatua ya 5: jumlisha njia zote zinazofika mahali pamoja

Swali likitaka "moja nyekundu na moja bluu" bila kutaja ipi ianze, kuna njia mbili za kufika huko. Chora matawi: kutoka mwanzo, tawi moja la nyekundu na moja la bluu, na kila tawi lizae mawili tena. Utapata ncha nne.

Nyekundu, nyekundu: 5/8 × 4/7 = 20/56
Nyekundu, bluu: 5/8 × 3/7 = 15/56
Bluu, nyekundu: 3/8 × 5/7 = 15/56
Bluu, bluu: 3/8 × 2/7 = 6/56

Rangi tofauti ni 15/56 + 15/56 = 30/56. Ukiishia kwenye 15/56 umejibu swali jingine, lile la nyekundu ianze. Kuzidisha hufanywa ukishuka kwenye tawi moja. Kujumlisha hufanywa ukikusanya ncha za matawi tofauti.

Hatua ya 6: hakiki

Jumlisha ncha zote: 20 + 15 + 15 + 6 = 56. Zimetimia 56/56, yaani 1. Zikizidi au zikipungua, kuna tawi umelisahau au sehemu umeikosea. Hii ndiyo sababu nawazuia wanafunzi wasirahisishe sehemu mapema. Ukigeuza 20/56 kuwa 5/14 na 30/56 kuwa 15/28 kabla ya kuhakiki, utaanza kutafuta asili za kufanana bila haja yoyote. Zirahisishe mwishoni kabisa.

"Angalau moja": anza na upande usioutaka

Fungu la maparachichi kumi, na matatu yameoza ndani bila kuonekana kwa nje. Unachukua mawili ya chakula cha jioni. Uwezekano wa kupata angalau moja bovu ni upi?

Unaweza kukusanya njia tatu: bovu na zima, zima na bovu, bovu na bovu. Njia fupi ni kuuliza kinyume chake: uwezekano wa yote mawili kuwa mazima ni upi? Ni 7/10 × 6/9 = 42/90. Basi angalau moja bovu ni 90/90 − 42/90 = 48/90, ambayo ni 8/15, asilimia 53.

Namba hii huwashtua wengi, na nafikiri inafaa kuzingatiwa. Mabovu ni matatu tu kati ya kumi, lakini anayechukua mawili ana nafasi zaidi ya nusu ya kufika nyumbani na walau moja bovu.

Mayai matatu kwenye bakuli la maji

Nilinunua trei ya mayai kwa muuzaji mmoja. Ili kunihakikishia, alichukua matatu, akayatia kwenye bakuli la maji, yote yakazama. Yai lililokaa sana huelea, kwa hiyo kipimo chenyewe ni kizuri. "Umeona mwalimu, trei safi hii." Nyumbani yalikuwemo viza mawili. Muuzaji huyo hakunidanganya. Yeye mwenyewe aliamini kipimo chake. Tuone kilikuwa na nguvu gani.

Mayai 30, mazima 28, viza 2. Uwezekano wa matatu yaliyochaguliwa ovyo kuwa mazima yote:

28/30 × 27/29 × 26/28 = 19,656/24,360

Hiyo ni karibu asilimia 81. Yaani trei yenye viza mawili hufaulu kipimo cha mayai matatu mara nne katika kila mara tano.

Sasa kuna njia ya kulitazama jambo hili kutoka upande wa pili, nami naipenda kuliko zote katika somo hili. Badala ya kufuata mkono wa muuzaji, yafuate viza. Muuzaji amejaribu matatu, kwa hiyo 27 hayajaguswa. Ili viza yapite bila kuonekana, lazima la kwanza liwe kati ya yale 27, na la pili liwe kati ya 26 yaliyosalia: 27/30 × 26/29 = 702/870. Ni asilimia 81 ile ile, kwa hesabu fupi zaidi. Na sasa unaweza kujua idadi yoyote kwa haraka: chukua mayai ambayo hayakujaribiwa, zidisha kwa idadi hiyo ikiwa imepungua moja, gawa kwa 870.

Ukijaribu 5: 25 × 24 = 600, viza hupita kwa asilimia 69.
Ukijaribu 8: 22 × 21 = 462, asilimia 53.
Ukijaribu 9: 21 × 20 = 420, asilimia 48.
Ukijaribu 15: 15 × 14 = 210, asilimia 24.

Inabidi ujaribu mayai tisa ndipo nafasi ya kugundua walau viza moja izidi nusu. Anayenunua trei nyingi kwa ajili ya mgahawa na akaridhika na mayai matatu, anajiridhisha kwa kitu kidogo mno.

Vitu vitatu au zaidi: hesabu mipangilio

Darasa langu la jioni lilikuwa na safari ya kwenda kuona maporomoko ya Materuni. Zilibaki nafasi tatu kwenye Noah, na waliozitaka ni kumi, wasichana 6 na wavulana 4. Tukaandika majina, tukachanganya, tukatoa matatu.

Wasichana watupu: 6/10 × 5/9 × 4/8 = 120/720, yaani 1/6.

Wasichana wawili na mvulana mmoja: anza na mpangilio mmoja, msichana, msichana, mvulana. Ni 6/10 × 5/9 × 4/8 = 120/720. Lakini mvulana anaweza kutoka wa kwanza, wa pili au wa tatu. Ukikokotoa kila mpangilio utaona kiasi ni namba zile zile 6, 5 na 4 zimebadilishana nafasi, na asili haibadiliki. Kwa hiyo kila mpangilio ni 120/720, na jumla ni 3 × 120/720 = 360/720, nusu kamili. Kosa la kawaida hapa ni kusahau ile 3 mbele.

Ukiendelea, msichana mmoja na wavulana wawili ni 3 × (6 × 4 × 3)/720 = 216/720, na wavulana watupu ni (4 × 3 × 2)/720 = 24/720. Jumlisha: 120 + 360 + 216 + 24 = 720. Imekubali.

Aliyeshazoea anaweza kuacha kufuata mpangilio na kuhesabu makundi moja kwa moja. Makundi ya watu watatu kutoka kumi ni 120 (10 × 9 × 8, gawa kwa 6, kwa sababu watu watatu wanaweza kupangwa kwa namna sita). Wasichana wawili kutoka sita hupatikana kwa namna 15, mvulana mmoja kutoka wanne kwa namna 4, na 15 × 4 = 60. Basi 60/120, nusu. Njia hii ni nzuri vitu vikiwa vingi, lakini asiyeielewa ya matawi namshauri asiikimbilie. Wengi huikariri, kisha hawajui ni lini inafaa.

Vikaratasi vya mchezo

Turudi uani. Vikaratasi vinane, kimoja kina namba 1.

Anayevuta wa kwanza ana 1/8.

Anayevuta wa pili: ili apate namba 1, lazima wa kwanza aikose, 7/8, kisha yeye aipate kati ya saba zilizobaki, 1/7. Zidisha: 7/8 × 1/7 = 7/56 = 1/8.

Wa tatu: 7/8 × 6/7 × 1/6 = 42/336 = 1/8.

Wa mwisho: 7/8 × 6/7 × 5/6 × 4/5 × 3/4 × 2/3 × 1/2 × 1/1. Kila kiasi kinakatana na asili inayofuata, 7 kwa 7, 6 kwa 6, mpaka chini, na inabaki 1/8.

Wale mama wawili kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya ukweli. Anayeogopa kuwa wa mwisho anasema kweli kwamba namba 1 huenda imeshaondoka. Uwezekano wa kuwa imeondoka ni 7/8. Muuza nyanya naye anasema kweli kwamba wa mwisho huvuta kwenye vikaratasi vichache. Akifikiwa na namba 1 ikiwa bado imo, ni yake kwa hakika. Hasara ya kuchelewa na faida ya kuchelewa zinalingana sawasawa, katika kila zamu.

Siku chache baadaye nilipita sokoni, nikachukua nyanya nane za muuza nyanya, moja nikaitia alama ya kalamu kwa chini. Sikumfanyia hesabu ya kuzidisha. Nilimwambia tuifuate nyanya yenye alama, kama tulivyoyafuata viza. Mikono iko minane, na kila mkono utaondoka na nyanya moja. Hii yenye alama itaangukia mkono gani? Alizigeuza kidogo, akasema, "Kumbe kuna mikono minane tu, na yenyewe haijui nani ametangulia." Hivyo ndivyo ilivyo, na sijawahi kusikia mwanafunzi akilisema vizuri zaidi.

Kuna tahadhari tatu ambazo kijumbe anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni kufungua. Usawa huu ni wa kabla ya yeyote kufungua. Mvutaji wa kwanza akifungua mbele ya wote na kuonyesha 5, waliobaki sasa wana 1/7 kila mmoja. Akionyesha 1, waliobaki wana sifuri. Hakuna aliyeonewa, kwa sababu hali hizo mbili zilikuwa zimeshahesabiwa ndani ya ile 1/8, lakini machoni pa watu huonekana kama kuonewa, na maneno huanza. Ushauri wangu ni kila mtu avute, ashike mkononi, na wote wafungue pamoja.

Ya pili ni kukunja na kuchanganya. Ile 1/8 inasimama juu ya vikaratasi kufanana. Kimoja kikikunjwa mara tatu na vingine mara mbili, vidole vinajua. Chana vipande sawa, kunja sawa, inua bakuli juu ya usawa wa macho.

Ya tatu ni kwamba zamu haina uzito pale tu kila mtu anapovuta chake na kazi ikaisha. Lile swali la Huygens haliko hivyo. Kule vyeupe ni vinne na mchezo unakatika mara tu cha kwanza kinapotoka, na wa kwanza kuvuta ana 77/165, karibu asilimia 47, wakati wa tatu ana 35/165, karibu asilimia 21. Kwa hiyo kwenye kibanda cha mchezo ambapo "wa kwanza kupata ndiye mshindi" na vya ushindi ni zaidi ya kimoja, kutangulia ni faida. Soma kanuni za mchezo kabla ya kusema ni sawa tu.

Gunia likiwa kubwa

Anayekagua kahawa au maharage huchoma gunia kwa bambo na kutoa punje chache. Punje hizo hazirudi, lakini je, hesabu inabadilika? Chukua punje 10,000, 3,000 kati yake mbovu. Mbili za kwanza kuwa mbovu: 3,000/10,000 × 2,999/9,999, ambayo ni 0.08998. Ungefanya kama unarudisha ungepata 0.09. Tofauti haionekani. Katika fungu la kumi lenye mabovu matatu, hesabu hiyo hiyo inatoa 3/10 × 2/9 = 0.067, badala ya 0.09. Hapo tofauti ni kubwa.

Mimi hutumia kipimo hiki: nikitoa chini ya sehemu moja ya ishirini ya vyote vilivyomo, na jibu la kukadiria linatosha, nafanya kama narudisha. Kwenye mtihani usifanye hivyo hata siku moja.

Jaribu mwenyewe

1. Kikapu kina vidole vya ndizi, 7 vya aina ya mshare na 5 vya mzuzu. Unatoa viwili bila kutazama. Uwezekano wa vyote kuwa aina moja?

2. Trei ya mayai 30 ina viza manne. Unavunja matatu. Uwezekano wa kukutana na walau viza moja?

3. Mchezo una watu 12, na ndani yake kuna ndugu wawili. Uwezekano wa ndugu hao kugawana namba 1 na 2 kati yao?

Majibu. La kwanza: 7/12 × 6/11 + 5/12 × 4/11 = 62/132 = 31/66. La pili: 26/30 × 25/29 × 24/28 = 130/203 ni ya kutokutana na hata moja, kwa hiyo kukutana na walau moja ni 73/203, asilimia 36. La tatu: 2/12 × 1/11 = 2/132 = 1/66, na ni hiyo hiyo wawe wamevuta wa kwanza na wa pili, au wa tano na wa kumi na mbili. Ukipata tofauti, rudi kwenye mistari ya vilivyomo kabla ya kugusa hesabu nyingine.